Mraba wa Buluu

Serah aliogopa baridi. Hilo lilijulikana kwa kila mtu aliyewahi kupanda ngazi za jengo lao pale Saint Louis Park, huku ughaibuni. Mtoto akitaka kutoka, hata kama anakwenda kutupa takataka tu nyuma ya nyumba, ataitwa arudi, akaguliwe kichwa, shingo na mikono, kisha aambiwe afungue zipu aonyeshe alichovaa ndani. Na alikuwa na sababu. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wagonjwa, haukupita msimu wa theluji bila yeye kusikia habari ya mtu aliyekutwa ameganda hatua chache kutoka mlango wake mwenyewe. Kwa hiyo hofu yake yote aliielekeza huko. Balaa ilipokuja ilipita upande mwingine, upande ambao hakuwa ameweka mlinzi.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na saba. Vijana wa ushirika wa Wakenya, wale waliokuwa wakikutana Jumapili alasiri katika kanisa la kuazima, walikuwa wamepanga safari ya kwenda milima ya Colorado vyuo vikifungwa mwezi wa tatu, wakateleze kwa skii, zile mbao ndefu za kufungwa miguuni, kwenye mlima wenyewe, sio vilima vya hapa. Mpango ulikuwa wa Cyrus. Cyrus alikuwa anamalizia uhandisi chuo kikuu, kijana mwenye adabu na maneno matamu, anayeomba vizuri mpaka wamama wanatazamana. Yeye alikuwa ameshafika huko mara moja na wenzake wa bweni, akarudi na ramani ya mlima.

Jioni moja aliitandaza ramani hiyo juu ya meza ya Serah, vikombe vya chai vikasogezwa pembeni. Mlima ulikuwa umechorwa mweupe, msafi, umejaa jua, na njia zikiteremka katikati ya miti kama mistari ya nywele zilizosukwa. Kwenye karatasi hakuna kilichoonekana kuwa na mwinuko. Kila kitu kilikuwa kimelala.

"Angalieni rangi," Cyrus alisema. "Duara la kijani ni la wanaojifunza. Almasi nyeusi ni ya waliochoka na maisha. Sisi chetu ni hiki, mraba wa buluu. Ndiyo njia ya katikati. Si ya watoto, si ya wazimu."

Akaanza kuzitembezea kidole njia zile, moja moja. Hii inaanzia juu kabisa, inazunguka bonde, unateremka ukiangalia vilele mpaka unasahau baridi. Hii ni pana kama uwanja wa ndege, hata ukianguka unaanguka peke yako. Na hii ya msituni ndiyo tamu kuliko zote, lakini hiyo tutaiacha mpaka tuwe tumezoea.

Mumbi, binti yake Serah, alikuwa ameiinamia ramani mpaka pua inakaribia kuigusa. Alikuwa darasa la mwisho la sekondari na alijifunza skii na wenzake wa shule. Kiswahili alikisikia chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku. Pembeni yake alikaa Jeptoo.

Jeptoo alikuwa amefika mwezi wa nane kusomea uuguzi Saint Paul, akawa anakaa kwao. Kwa damu hakuwa ndugu. Lakini mwaka ule wa fujo za uchaguzi kule nyumbani, vijana walipopita wakichoma nyumba za watu wa kabila lake Serah, mama yake Jeptoo alimficha mama yake Serah ghalani, akasimama mlangoni akawaambia wale vijana kwa lugha yao kwamba humo ndani kuna mahindi tu. Kwa hiyo siku mama huyo alipopiga simu akasema, "Serah, nakuletea mtoto wangu," Serah hakuuliza ni wa kukaa muda gani. Alijibu, "Huyo ni wangu." Na alimaanisha.

"Na Jeptoo je?" Serah aliuliza sasa. "Hajawahi kuvaa vitu hivi."

Cyrus akacheka. "Anti, huyu ametoka Iten. Amezaliwa mlimani, amekimbia mlimani. Sisi ndio tutamwomba atungoje."

Meza nzima ikacheka. Jeptoo naye akacheka, mkono mdomoni. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Na yeye, mgeni, anayekula na kulala kwa watu, hakuwa wa kukataa jambo ambalo watu wamelipanga kwa furaha. Serah aliona kwamba kicheko kile kilikuwa cha midomo tu. Alikiona, kisha akainuka kuongeza maji kwenye chai.

"Usiogope, Anti," Cyrus alisema. "Hatuendi huko wabichi. Jumamosi tunafanya mazoezi hapa hapa kwetu. Njoo utuone."

Wiki ile baridi ilikuwa imelegea. Mvua nyepesi ilinyesha juu ya theluji, barabara zikawa na matope, watu wakasema labda mwaka huu tumeponea. Ijumaa jioni baridi ikarudi kwa hasira, ikakamata kila kilicholowa. Jumamosi asubuhi Serah alipotoka na sufuria ya mchuzi kuelekea kwenye gari, matawi ya miti yote yalikuwa yamevikwa kioo. Alisimama akayatazama. Yalikuwa yanagongana polepole kwa upepo, yakitoa mlio kama wa meno.

Walikwenda na van ya Cyrus na gari la Susan, rafiki yake Serah wa kazini, mwanamke mnene wa mizaha ambaye hakuwa na mtoto wa kwenda kuteleza ila hakutaka kukosa chapati. Serah alikaa mbele kwa Susan, wasichana wawili nyuma.

"Mumbi."

"Yes, Mum."

"Jeptoo ni mgeni. Mahali ulipo, awepo. Usije ukaniambia ulimwacha mahali ukaenda kucheza na wengine."

"Okei, Mum."

"Okei si jibu. Sema umesikia."

"Nimesikia," Mumbi alisema, kwa Kiingereza kile kile.

"Mkono wake ukianza kufa ganzi, mnarudi ndani. Pua ikibadilika rangi, mnarudi ndani."

"Mama Mumbi," Susan alisema, "huyo msichana umemvisha mpaka hawezi kukunja mkono. Baridi itapitia wapi?"

Wote wakacheka ndani ya gari, hata Jeptoo, na safari hii kicheko chake kilikuwa cha kweli.

Kilima kilikuwa kusini mwa mto, karibu kabisa na barabara kuu, kiasi kwamba ungeweza kusikia malori. Serah alikuwa amekipita mara nyingi akakiona kidogo. Ukisimama chini yake kilikuwa kingine. Kilikuwa kinang'aa. Theluji iliyotengenezwa kwa mashine, ikanyeshewa, ikaganda, haikuwa nyeupe tena, ilikuwa na rangi ya kijivu inayotelezesha mwanga, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Watu walipopita juu yake skii zao zilikwaruza, sauti ya kisu kwenye sufuria. Serah aliisikia akadhani ndivyo skii zinavyolia siku zote. Angemuuliza nani? Susan hakujua. Cyrus alikuwa kwenye foleni ya kukodi vifaa, anataniana na watu.

Wakaingia kwenye jumba la kupumzikia lenye dirisha refu linalotazama kilima. Serah akatandika leso juu ya meza, akapanga thamosi na vyombo. Wazungu wa meza ya jirani wakageuza shingo kwa harufu ya mchuzi.

"Wape kidogo," Susan alisema, "kabla hawajatuitia polisi."

Kupitia dirishani aliwaona vijana wake. Upande wa kushoto palikuwa na kiwanja cha mteremko mdogo sana, kimewekewa bendera za kijani, na mwanamke mmoja wa nywele za mvi na jaketi jekundu alikuwa anawafundisha wageni wa skii. Watoto wadogo, mzee mmoja, na Jeptoo, aliyetambulika kwa jaketi la njano aliloazimwa na Susan. Mwalimu yule alikuwa anawaonyesha kugeuza miguu, vidole ndani visigino nje, ili skii zishike breki. Jeptoo alikuwa bado anahangaika kukaa wima. Wenzake walikuwa wamesimama pembeni wakimsubiri, wanapigapiga mikono kwa baridi, wakitazama juu kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya vikipandisha watu kileleni.

Baada ya kitambo Mumbi akaingia, mashavu yamewaka, theluji magotini. Alizungumza kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayetaka jibu moja tu.

"Mum, yule mwalimu anasema tumwachie Jeptoo. Kipindi kizima, yeye na wale wengine. Sisi twende juu halafu tumfuate baadaye."

"Mmwache na nani?"

"Naye. Mwalimu."

Serah akatazama nje. Mwanamke asiyemjua, jaketi jekundu, miwani ya giza inayofunika nusu ya uso. Pembeni yake Jeptoo, ambaye bado alikuwa anaogopa kuagiza chakula dukani kwa sababu watu wa huku hawasikii Kiingereza chake, akisimama katikati ya watoto wa wenyewe kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akamfikiria mama yake Jeptoo, aliyesimama kwenye mlango wa ghala. Kwao mgeni haachwi. Hata akienda chooni mtu humsindikiza, amngojee nje.

"Jeptoo mwenyewe anasemaje?"

Mumbi akainua mabega. "Anasema sawa. Lakini unamjua. Yeye kila kitu ni sawa."

"Na huyo mwalimu ni nani? Unamjua? Akimpoteza huko? Akimwacha kwenye baridi aende kunywa kahawa yake?"

"Mum, ni kazi yake."

"Ninazijua kazi za watu," Serah alisema. "Nenda naye. Mkae naye. Kama mnapanda, pandeni wote."

Mumbi akageukia mlango, kisha akarudi. Ilikuwa kama anataka kusema jambo. "Cyrus anasema juu kuna ya buluu tu leo," alisema mwishowe. "Ile ya kijani ya kutoka juu wameifunga."

"Buluu si ndiyo ile ya katikati? Ile mnayokwenda kufanya huko Colorado?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi mshike mkono."

Mumbi akatabasamu kwa sababu mama yake hakujua kwamba kwenye skii watu hawashikani mikono. Akatoka. Serah akamwangalia akizungumza na mwalimu yule. Mwalimu akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuonyesha kilima, akatikisa tena. Kisha Cyrus akasogea, akaeleza kwa heshima zake zote, akicheka, akimwonyesha Jeptoo, miguu ya Jeptoo, bila shaka akisimulia Iten na mbio. Mwalimu akabaki amesimama na mikono kiunoni wakati wanaondoka. Aliwatazama muda mrefu.

"Mbona huyu mama anaangalia hivyo?" Susan aliuliza.

"Wacha aangalie," Serah alisema, akamimina chai.

Waya ukawachukua wawili wawili. Jaketi la njano na jaketi la buluu la Mumbi yakakaa kiti kimoja, miguu ikining'inia na zile mbao ndefu. Wakapanda, wakawa wadogo. Serah aliwafuata kwa macho mpaka shingo ikauma. Huko juu njia ilionekana fupi, na kila aliyeteremka alifika chini mzima. Aliona mtoto anayeweza kuwa wa chekechea akishuka. Moyo ukatulia kidogo. Alipata hata muda wa kumpa Susan chapati ya pili.

Cyrus akatangulia. Alishuka akipinda huku na huku, skii zikikwaruza, akakaribia kuanguka mara mbili, akafika chini akainua fimbo kama mshindi. Wenzake wakamfuata, wengine kwa makalio, wakiokotana na kucheka. Hakuna aliyekuwa ametazama nyuma.

Juu wakabaki wawili.

Mumbi akaanza. Hakushuka kama wengine. Alisimama hatua chache chini ya Jeptoo, akageuka akamtazama, akirudi kinyumenyume polepole, mikono mbele, jinsi unavyomwita mtoto anayejifunza kutembea. Njoo. Njoo. Jeptoo akasogea, akaanguka. Mumbi akapanda kwa upande, akamwinua. Wakasogea tena.

"Umeona?" Susan alisema. "Anajifunza. Watoto wa siku hizi."

Serah aliweka kikombe chini. Alikuwa ameona mahali njia ilipojipinda katikati, panapozama ghafla, na pale jua lilikuwa limepiga barafu ikawa nyeupe kabisa, huwezi kuiangalia. Kila aliyepita pale alikuwa ameanguka au ameenda upande. Mumbi alikuwa amepafikia, amesimama chini kidogo ya hapo, mgongo kwenye mteremko, mikono bado mbele.

Jeptoo akaingia kwenye ule mng'aro. Na hakuanguka. Afadhali angeanguka. Mtu mwingine mwenye magoti ya kawaida angekaa chini, angeumia kiuno, angelia, wangemcheka jioni. Jeptoo alikuwa na miguu ya kukimbia. Miguu ile ilimshikilia wima, imenyooka, na alivyoshikiliwa ndivyo alivyozidi kuongeza kasi, akija moja kwa moja bila kupinda, mikono imetanuka, jaketi la njano limejaa upepo.

Mumbi alikuwa na nafasi. Hata Serah, ambaye hakujua skii, aliona kwamba nafasi ipo, hatua moja tu pembeni. Mumbi aliona pia, kwa sababu aligeuza kichwa akatazama kushoto. Kisha akarudisha uso mbele, akafungua mikono, akamngoja.

Walikuwa wawili, wakawa kitu kimoja, kikavuka njia kikizunguka kuelekea ukingoni, kwenye nguzo inayobeba waya wa viti. Nguzo ilikuwa imefungwa godoro upande unaotazama kileleni tu. Wao waliingia kwa ubavu. Kioo cha dirisha kilikuwa kinene. Ndani ya jumba haikusikika sauti yoyote, ila mtu aliyekuwa akikoroga kahawa.

Serah hakukumbuka kufungua mlango. Alijikuta nje, bila koti, anapanda kilima kwa viatu vya kazini, anateleza, anashika barafu kwa viganja, anateleza tena. Cyrus akamshika kiunoni.

"Anti, ngoja. Ngoja, wanamleta. Watu wa uokoaji wana sledi yao, ya kumburuza mtu juu ya theluji. Huwezi kufika."

"Niachie."

"Anti, tafadhali."

Jeptoo ndiye aliyefika kwanza. Alishuka kwa miguu, kando kando ya miti, amebeba skii moja kifuani. Hakuwa na hata mkwaruzo. Nguo zote zile Serah alizomvisha zilikuwa zimemwokoa, au Mumbi ndiye aliyemwokoa. Sauti ilikuwa shwari, ya mtu anayejibu mwalimu.

"Mama Mumbi, sikujua kuzisimamisha," alisema. "Sikujua kusimama. Yule mama alikuwa amesema atatufundisha kusimama."

Cyrus akakiachia kiuno cha Serah.

Wale watu wa uokoaji, wawili, vijana wa kizungu wenye msalaba mgongoni, walimshusha Mumbi amefungwa kwenye ubao, shingo imekazwa kati ya mito miwili, wakampeleka kwenye chumba kidogo cha huduma ya kwanza nyuma ya mahali pa kukodia vifaa. Serah akaingia nao. Hakuna aliyemzuia. Chumba kilinuka mafuta ya taa na sufu iliyolowa. Mmoja alikuwa kwenye simu anaita gari la wagonjwa. Mwingine alipiga magoti miguuni mwa Mumbi, akalegeza vifungo, akavua kile kiatu kigumu cha skii taratibu, kisha cha pili, akaviweka sakafuni. Akavua soksi. Akakibonya kidole kikubwa cha mguu kwa kucha yake, akamtazama Mumbi usoni. Akabonya cha mguu wa pili, akamtazama tena. Kisha akainua macho kwa mwenzake wa kwenye simu.

Serah aliufahamu mtazamo ule. Alikuwa ameuona mara nyingi ukipita juu ya vitanda, kati ya muuguzi na muuguzi, mgonjwa akiwa katikati anaongea habari za wajukuu. Hata yeye mwenyewe alikuwa ameutoa.

Mumbi alikuwa macho. Alikuwa anatazama dari, kwa sababu hakuweza kutazama kwingine, na damu kidogo ilikuwa imekauka puani. Alipoisikia pumzi ya mama yake akasema, "Mum?"

"Niko hapa."

"Jeptoo yuko sawa?"

"Yuko sawa. Yuko hapo mlangoni."

"Usimgombeze." Mlango ulikuwa wazi, na nje Susan alikuwa amemkumbatia Jeptoo, anamfunika kichwa kwa leso iliyokuwa mezani. Mumbi alipozungumza tena, alizungumza Kiswahili, kile cha utotoni, ambacho Serah hakuwa amekisikia mdomoni mwake tangu wahamie huku. "Mama, waambie wanivue viatu. Ni vizito."

Kijana aliyepiga magoti hakuelewa lililosemwa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja kutafsiriwa.

"Watakuvua, mama," Serah alisema. "Wanakuvua sasa hivi. Tulia."

Na huku akimpangusa paji la uso kwa kiganja kilichochunwa na barafu, alinyoosha mguu nyuma yake, akavitafuta vile viatu viwili pale sakafuni, akavisukuma chini ya benchi, kimoja, halafu kingine, mpaka visionekane.